Maswali Yenu: Kustaafu, Kalamu na Kinoo

Barua za wastaafu zimejaa mezani kwetu miezi hii. Tumechagua tano. Wanaojibu ni wahariri wa miswada na mwalimu wa elimu ya watu wazima.

Nilikuwa mwalimu wa hesabu, jioni nikifanya useremala, na nimetunga nyimbo za kwaya kwa miaka mingi. Sasa nataka kuandika. Nimeanza vitabu vitatu, hakuna kilichovuka sura ya pili. Nishike kipi?

Shikamoo, mwalimu. Usichague kipaji kinachosifiwa zaidi. Kwa siku tatu, andika kila siku ukurasa mmoja, maneno 300 hivi, kuhusu makosa anayofanya mwanagenzi wa fani mojawapo na sababu zake. Fani itakayokumwagia makosa bila wewe kukuna kichwa ndiyo yenye kitabu. Kazi iliyofanikiwa kila mtu anaiona. Kilichoiharibu anakijua fundi peke yake.

Katika ukurasa uliotutumia umeandika: “Noa patasi mpaka iwe kali.” Mwanagenzi atanoa kutwa nzima asijue kama amefika. Mkono wako unajua zaidi ya hapo. Mlalo wa patasi, yaani uso wake ulioinama kuelekea makali, huchongwa kwa nyuzi 25 hivi, kisha ncha peke yake humaliziwa kwa nyuzi 30 kwenye kinoo laini. Ukipitisha kidole mgongoni kuelekea nje ya makali, ukahisi ukingo mwembamba unaokwaruza upana wote, upande huo umekwisha. Unageuza patasi, unalaza mgongo wake bapa juu ya kinoo na kuuondoa ukingo ule. Anayeinua mpini hata kidogo hapo huuviringisha mgongo, na patasi haitakata tena ukuta ulionyooka wa tundu la mbao. Hayo yote umeyaruka kwa sababu umeyazoea, na ndiyo msomaji anayoyatafuta.

Ukishachagua, maneno 300 kwa siku, siku 5 kwa wiki, ni 1,500. Wiki 40 zinakupa 60,000, kitabu cha kurasa 200 hivi (hesabu hii hukuhitaji kufundishwa). Kinachoivuruga ni kurudi kila asubuhi kuisugua sura ya kwanza. Soma aya ya mwisho ya jana tu, kisha endelea. Na kabla ya kuinuka, andika mstari mmoja wa kitakachofuata kesho. Wimbo ukikujia katikati ya kazi, uweke kwenye daftari la pembeni na urudi kwenye patasi.

Nimeandika habari za maisha yangu ya kazi. Watoto wamesoma kurasa tatu wakasema inafanana na ripoti. Nina miaka 64. Au nimechelewa?

La umri tulimalize haraka. Frank McCourt, mwalimu mstaafu wa New York, alitoa kitabu chake cha kwanza mwaka 1996 akiwa na miaka 66, na mwaka uliofuata kikapata Tuzo ya Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi ya Marekani. Hujachelewa. Ila watoto wamesema kweli.

Chukua sentensi yako hii: “Zoezi la uhamishaji wa wanafunzi kutoka jengo la zamani lilifanyika kwa mafanikio makubwa licha ya changamoto mbalimbali zilizojitokeza.” Nani alihamisha? Changamoto zipi? Tulipokuuliza, ulijibu kwa mistari miwili: “Tulihamisha madarasa manne kwa siku moja. Madawati hayakupita mlangoni mpaka tuyalaze ubavu, mawili yakavunjika miguu, na saa nane mvua ikatukuta nje.” Hicho ndicho kitabu chako, nawe umekiandika kwenye barua ya kujitetea!

Lugha ya ofisi imetengenezwa ili asionekane mtu wa kulaumiwa, ndiyo maana inapenda “zoezi”, “suala zima la”, “husika” na vitenzi visivyo na mtendaji. Pitia mswada na kalamu nyekundu. Kila penye “lilifanyika”, “ilibainika” na “changamoto”, zungushia duara, kisha jibu ukingoni: nani, nini, wapi, saa ngapi. Halafu soma kwa sauti. Mahali unapoishiwa pumzi kabla ya nukta, kata sentensi. Usifanye haya siku ileile uliyoandika. Acha mswada ulale wiki mbili, maana jicho lililoandika jana husoma lilichokusudia, si kilichopo.

Najifunza Kifaransa. Maneno ya jana leo hayapo. Ni uzee?

Kwa sehemu tu. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, na mwaka 1885 akachapisha alichokiona: sehemu kubwa hutoweka ndani ya siku ya kwanza, kisha usahaulifu hupunguza kasi. Alikuwa kijana wakati huo.

Tengeneza kadi: neno upande mmoja, maana upande wa pili. Rudia siku ya 1, 3, 7, 21 na 45 baada ya kujifunza. Kadi mpya 10 kwa siku zinatosha, kwa sababu baada ya mwezi na nusu utakuwa na marudio 50 kila siku juu ya hizo mpya. Wengi huanza na 30, wiki ya tatu wanazamishwa na marudio, wanaacha. Kosa jingine ni kuigeuza kadi kabla ya kujibu. Kutambua neno ukiliona si kulikumbuka. Jibu kwanza kwa sauti, hata kama ni kwa kukosea. Na kwa kuwa masikio ya uzeeni hupoteza kwanza sauti nyembamba kama *s* na *f*, sikiliza huku maandishi yakiwa mbele yako.

Nikiandika kwenye kompyuta nusu saa, shingo inakaza.

Tazama miwani kwanza. Miwani ya kusomea kwa kawaida hupimwa kwa umbali wa kitabu, sentimita 40 hivi, na skrini hukaa 50 hadi 70, kwa hiyo unaifuata kwa shingo. Yenye sehemu mbili inakulazimisha kuinua kidevu. Pima umbali wako kwa utepe, mpelekee mtaalamu wa macho namba hiyo, umwombe miwani ya umbali huo. Ukingo wa juu wa skrini usipite usawa wa macho.

Mchapishaji amekubali mswada wangu, ila anataka nilipie nakala 1,000. Nitumie kiinua mgongo?

Hapana. Mchapishaji wa kawaida hubeba gharama za uhariri na uchapaji, nawe unapata mrabaha, yaani sehemu ya mauzo. Anayekutoza anakuuzia huduma. Hilo si kosa, ila jadiliana naye kama mteja: nani atahariri, kama utapewa faili za kurasa zilizokwisha kupangwa, ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu) itasajiliwa kwa jina la nani, nani atasambaza. Asipokuwa na jibu la swali la mwisho, nakala zote zitaishia sebuleni kwako. Chapa 50 kwanza, uza, sahihisha makosa watakayoyaona wasomaji, ndipo uongeze. Na mkataba unaotaka fedha zako pamoja na hakimiliki yako yote, usiutie sahihi.