Napanda mwani, lakini maji yakifika kifuani nakabwa

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi pwani ya mashariki, Unguja. Napanda mwani tangu sijaolewa. Siku hizi mwani unakufa kwa joto la maji, na kikundi chetu kimeamua kuhamia kwenye kina kirefu, tuwe tunakwenda kwa chombo. Tumetafutiwa mwalimu wa kuogelea, mwanamke mwenzetu. Wenzangu wote wamejiandikisha. Mimi nimesema naumwa mgongo, na siumwi. Mdogo wangu alikuwamo katika meli iliyozama Nungwi mwaka 2011, hatukumuona tena. Tangu hapo maji yakinifika kifuani nahisi nakabwa. Halafu nna miaka 41. Wifi yangu ananicheka, anasema watoto watajaa pwani kututazama kama sinema, na wanaume wa chomboni watapata la kuhadithia barazani. Mtoto wa pwani asiyejua kuogelea, watu watasemaje? Mume wangu hakunikataza, ila anasema mtu asijitie hatarini kwa makusudi. Nifanyeje?*
*Mwoga wa Maji, Kusini Unguja (barua imefupishwa)*

Marahaba, mwanangu. Mungu amrehemu mdogo wako. Usiku ule wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 uliingia nyumba nyingi za Unguja na Pemba, na zipo familia ambazo hazikupata hata maiti ya kuzika. Anayekwambia miaka imepita, sahau, muache aseme peke yake. Wala mimi sitakwambia bahari haina neno. Inalo, na wewe unalijua kuliko mimi ninayekuandikia nimekaa kitako Mji Mkongwe.

Ila barua yako nimeisoma mara mbili. Maji umeyasema kwa ufupi, kisha ukahamia kwa wifi, watoto, wanaume wa chomboni na baraza, na huko ndiko ulikokaa. Khofu zako ni mbili, umezifunga kamba moja. Ya kwanza ina haki yake na tutaizungumza. Ya pili ni ya midomo ya watu, na hiyo haijawahi kumzamisha mtu.

Nianze na mumeo. Neno lake ni la busara, lakini hebu mrudishie: anayejitia hatarini ni nani, anayejifunza kuogelea, au anayepanda chombo kwenda kina kirefu na kuogelea hajui? Tena hata hapo ulipo sasa hatari ipo. Siku za bamvua, yaani maji makubwa, bahari yetu hupanda na kushuka kiasi cha mita nne. Umeinama na kamba zako, umeshughulika, maji yanarudi. Miaka yote hiyo umeokolewa na kuwahi kutoka tu. Siku moja ukichelewa, au mguu ukinasa, utafanyaje?

Kuna na la tumbo. Kilimo hiki kilipoanza kibiashara mwaka 1989, huko Paje na Jambiani, kilifaa wanawake kwa sababu maji yakipwa mtu huenda kwa miguu na kurudi kwa miguu. Lakini kotonii, ule mwani wenye bei, hauvumilii maji ya moto ya pwani, ndiyo maana watafiti kama Dkt. Flower Msuya wakahangaika na nyavu za kupandia kwenye kina kirefu zaidi. Ukibaki maji ya magotini utabaki na spinosamu, mwani wa bei ndogo, na bei yake unaijua. Kwa hiyo woga huu unaulipia kila ukipima gunia.

Sasa khofu yenyewe. Kabla ya siku ya kwanza, mfuate mwalimu peke yake, umwambie habari ya mdogo wako. Usimfiche kama ulivyowaficha wenzako. Mwalimu asiyejua atadhani unadeka, atakuhimiza pale ambapo angekushika mkono.

Muombe mchague siku za maji mafu, mkondo unapolegea, na muingie maji yakiwa yanajaa. Maji yakitoka huvuta kuelekea kwenye milango ya mwamba, yale mapengo ya kutokea bahari kuu, na hapo si pa mwanafunzi. Siku ya kwanza kiunoni panatosha. Tia uso, toa pumzi majini mapovu yapande, inua uso, basi. Ukitaka kurudia hivyo wiki nzima, rudia, hakuna anayekufukuza.

Kisha jifunze kuelea chali kabla ya kufikiria kupiga mikono. Hapa watu wazima wengi hushindwa kwa kung'ang'ania kichwa kiwe juu. Kichwa kikipanda, miguu inashuka, na mtu huanza kupigana na maji. Laza kichwa mpaka masikio yaingie, tazama mbingu, vuta pumzi kifua kijae, mkono wa mwalimu uwe chini ya mgongo. Maji ya chumvi yanabeba kuliko unavyodhani. Kifua kikibana, simama. Mchanga uko chini ya miguu yako. Na kitabana, mwanangu. Usingoje kubanwa huko kuondoke ndipo uingie, maana kukingojwa nyumbani hakuondoki.

Mavazi nayo yana maneno. Dira liache nyumbani, likilowa linajizonga miguuni. Vaa suruali nyepesi, shati refu lisilopwaya, na mtandio ufungwe vizuri kichwani, usining'inie. Wasichana wa skuli ya Kijini walijifunza kuogelea Muyuni wamestirika mwili mzima, na picha zao za mwaka 2016 zilizunguka dunia. Nungwi nako Panje Project, mradi wa kufundisha kuogelea, iliwafundisha wasichana vivyo hivyo. Kwa hiyo anayesema heshima ya mwanamke inapotea majini, muulize inapotelea wapi.

Nakuomba jambo moja usilifanyie mzaha: hata ukishajua, chomboni vaa jaketi okozi kila siku. Waogeleaji hodari nao huzama. Kama chombo hakina, usipande, na hapo mumeo atakuwa amesema kweli.

Na ikiwa umeingia, umejaribu kwa utulivu, na bado unakabwa vilevile, waambie wenzako wakupe kazi za nchi kavu: kuanika, kupakia, au sabuni ya mwani ikiwa mnatengeneza. Nayo ni kazi ya kikundi, wala si adhabu. Lakini uamue hivyo ukiwa umelowa, si ukiwa umekaa jikoni na mgongo wa kusingizia. Huo mgongo uponeshe leo. Nenda kwa kiongozi wa kikundi ukaandikishe jina.

Imebaki wifi yako. Muulize kwa upole kama yeye anajua kuogelea. Akinyamaza, mkaribishe mwende pamoja. Akikataa, mwachie watoto wanne siku za mafunzo, atakuwa amekusaidia zaidi ya anavyofikiri.