Mdogo wako asiyekula: mtengee sahani yake

Dadangu wa Lamu, umeuliza mambo mawili. Mdogo wako wa miaka 17 amekonda kwa ugonjwa wa kujinyima chakula (anoreksia), siku zake hazijamjia miezi minne, mtamlishaje? Na jamaa wanaosema ana jini au anaringa, muwajibu nini? Naanza na hospitali, kwa sababu kosa kubwa hufanyika hapo, kabla ya chakula.

Mhesabuni mapigo ya moyo akiwa ametulia, dakika nzima. Yakiwa chini ya 50, au akisimama anaanguka kwa kizunguzungu, au amekaa siku tano bila kula kitu cha maana, msianze kumlisha nyumbani. Mpelekeni siku hiyo hiyo; mkiwa Faza au Pate tafuteni boti mapema, maana wakati wa upepo wa kusi bahari haina ahadi. Ombeni damu ipimwe potasiamu, fosfeti na magnesiamu, na moyo upimwe umeme wake (ECG). Mwili uliokaa na njaa ukiletewa sukari nyingi ghafla, insulini hupanda na kuyavuta madini hayo kutoka kwenye damu hadi ndani ya seli. Damu ikipungukiwa nayo, moyo hupoteza mpigo. Ile huruma ya kumjazia juisi, tende na halwa siku ya kwanza anapokubali kula yaweza kumuua. Hospitalini aliye hatarini sana huweza kuanzishwa na kalori 10 tu kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na hupewa vitamini B1 kabla ya chakula, kisha hupandishwa polepole. Wiki za mwanzo za kula, miguu ikivimba, pumzi ikimbana au akichanganyikiwa, rudini usiku huo huo.

Daktari akiwaruhusu kumlisha nyumbani, mtoeni kwenye sinia kwa muda. Najua kwetu kumtengea mtu sahani ni kama kumtenga, lakini sinia ndipo ugonjwa huu unapojificha. Mkono unakwenda na kurudi, wali unasogezwa upande wa mwenzake, mwiba wa samaki unachambuliwa dakika kumi, na mwisho ni matonge mawili tu yaliyoingia tumboni. Buibui nalo huficha mengine. Tazameni bangili iliyokuwa ikikaa kwenye kifundo sasa inateleza hadi kiwikoni, na malaika, yaani vinyweleo laini, yaliyomwota mikononi na mgongoni, maana mwili unatafuta joto.

Anayepakua awe mama au wewe, si yeye. Milo mitatu na vitafunio viwili au vitatu, asipitishe muda wa saa nne akiwa macho bila kula. Saa moja asubuhi mahamri mawili, mbaazi na chai ya maziwa. Saa nne ndizi na karanga. Saa saba wali na samaki wa kupaka. Saa kumi viazi vya karai. Saa moja usiku chapati na mchuzi. Kabla ya kulala gilasi ya maziwa. Hapo ni mahali pa kufikia, si pa kuanzia. Akisema ameshiba kwa matonge machache hasemi uongo, kwani tumbo lililozoea njaa hupitisha chakula polepole. Basi msimrundikie wali. Mbaazi na samaki vipikeni kwa tui zito la kasimile, uji utieni maziwa na siagi. Kiasi kidogo, nguvu nyingi.

Baada ya kula kaeni naye saa nzima, mazungumzo ya kawaida, asiende chooni peke yake. Sanamaki na haluli, dawa za kuharisha, ziondoke nyumbani: chakula kimeshanyonywa kwenye utumbo mwembamba, zinachotoa ni maji na potasiamu, na kupungua kwa potasiamu ndiko kunakouangusha moyo. Akitapika, asisukutue kwa mswaki nusu saa ya kwanza, asidi imelainisha meno; asuuze kwa maji yenye soda ya kuokea kidogo.

Mpimeni uzito mara moja kwa wiki, asubuhi ile ile, akitoka chooni na kabla ya kunywa maji. Nusu kilo kwa wiki inatosha. Atakasirika, atalia, huenda akasema mnamchukia. Kwa kawaida hali hii huzidi chakula kinapoanza kurudi. Msibishane juu ya kalori. Semeni, “Najua ni vigumu, niko hapa, tonge lingine,” na watu wazima wote waseme hivyo hivyo. Nyanya akimwonea huruma na kumwondolea sahani, kesho mnaanza upya.

Kuhusu jini na kuringa. Mwaka 1945, Chuo Kikuu cha Minnesota kule Marekani kiliwapunguzia chakula vijana 36 wazima wa afya kwa miezi sita. Wakawa wakali, wakajitenga, wakaota chakula, wengine wakakusanya vitabu vya mapishi. Njaa yenyewe hubadilisha akili. Mkitaka kombe, yale maji yaliyooshewa aya za Kurani, mnywesheni, msigombane na mzee wa nyumba, ila lisichukue nafasi ya mlo wala ya daktari. Na kumwona daktari wa akili si kupelekwa Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili Nairobi. Wageni waambieni waziwazi: anaumwa, anatibiwa, tafadhali msimsemee mwili wake. Hata “mashallah, umenawiri” yeye huisikia kama “umenenepa”. Muulizeni habari za masomo.

Ramadhani, aya ya 184 na 185 za Suratul Baqara zimemwondolea mgonjwa faradhi hadi siku nyingine. Chukueni barua ya daktari, mpelekeeni imamu mnayemwamini, naye amwambie binti mwenyewe, maana yeye ndiye atakayeshikilia kufunga. Sunna za Jumatatu na Alhamisi pia zisimamishwe. Siku za futari, sahani yake itengwe saa saba mchana kama kawaida, na mtu mmoja asiyefunga akae ale naye.