Limita imemeza ngoma yangu

SWALI: Fundi, nikisukuma limita (kifaa kinachozuia vilele vya sauti visipite kikomo) ili wimbo uwe na sauti kubwa kama za wenzangu, ngoma ya chini inapoteza mdundo. Ninunue limita nyingine?

JIBU: Tulia kwanza, ndugu yangu. Mimi niliwahi kubadili limita tatu kwa wimbo mmoja, kumbe kosa ni besi niliyoipandisha usiku masikio yakiwa yamechoka. Tazama mita ya upunguzaji, inayoonyesha limita inakata sauti kiasi gani: ikigusa desibeli 2 au 3 kwenye vilele tu, sawa, ikilala kwenye 6 muda wote, rudi kwenye miksi. Kisha chezea muda wa kuachia, yaani muda ambao limita huchukua kuacha kubana sauti. Ukiwa mfupi mno, limita hufuata mawimbi yenyewe ya besi na kuikwaruza. Ukiwa mrefu mno, wimbo mzima huzama baada ya kila pigo.

Dari, yaani kikomo cha juu cha sauti, weka -1 dBTP (desibeli za kilele halisi), maana kugeuza faili kuwa MP3 huzusha vilele vipya. Na huo ukubwa unaoukimbilia? Spotify kwa kawaida huushusha hadi karibu -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi unavyosikika), kwa hiyo ngoma unaiumiza bure. Linganisha kabla na baada sauti zikiwa sawa. Mimi hufumba macho kabisa nikibonyeza kitufe cha kuwasha na kuzima limita.