Mwanangu, Kabla Hujaacha Chakula cha Usiku

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeupokea na nimeusoma zaidi ya mara moja, mara ya mwisho baba yako akiwa kando yangu. Unasema kwamba tangu chuo kifunguliwe umeongezeka kilo 4 kwa mizani ya duka la dawa la hapo Mabibo, kwamba sketi tulizokushonea kabla hujaondoka zimeanza kukubana, na kwamba mwenzako wa chumbani anakushawishi ununue majani ya chai ya kupunguza tumbo anayoyauza. Kisha unaniuliza: je, niache chakula cha usiku? Niwie radhi nikikujibu kwa urefu, kwa sababu swali hilo lilikwisha kuingia katika ukoo wetu kabla wewe hujazaliwa.

Kwanza nikuondolee hofu ya kile ulichokisoma mtandaoni, kwamba huko Marekani mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huongezeka paundi 15, karibu kilo 7. Watafiti waliowapima wanafunzi wenyewe walikuta kwamba wastani wa ongezeko haufiki hata nusu ya huo, na wapo wasioongezeka kabisa, na wapo wanaopungua. Pili, nimefanya ile hesabu niliyokuwa nikiwafundisha wanafunzi wangu wa sayansi kimu: nimechukua uzito wako wote ulionitajia kwa kilo, nikaugawa kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, na jibu limeangukia kati ya 18.5 na 24.9, ambapo ndipo mtu mzima mwenye afya anapotakiwa kuwa. Kwa hiyo huna ugonjwa, mwanangu. Una mwili uliobadilishiwa maisha kwa muda mfupi, nao umeitikia.

Unanijua ninavyosema siku zote: mwili hufuata ratiba. Baba yako amechoka kulisikia neno hilo, lakini sijaona bado siku lilipokosea. Ndiyo maana, badala ya kukuambia uache nini, nataka kwanza tuangalie umekwisha kuacha vitu gani bila kujua. Hapa Tanga ulikuwa ukienda shule kwa baiskeli na kurudi kwa baiskeli, na Jumamosi ukatumwa sokoni kwa baiskeli hiyo hiyo, wala hapakuwa na mtu aliyekuambia kwamba hayo ni mazoezi. Ulikuwa ukila saa moja na nusu usiku pamoja nasi, na mezani hapakukosekana mchunga, kisamvu au mlenda, hata siku ulizokunja uso. Saa nne ulikuwa umelala. Sasa unapanda daladala hadi Mlimani, huko Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, unakaa darasani, unatoka darasani unakaa maktaba, unarudi saa nne usiku una njaa ya mchana mzima, unaagiza chipsi mayai na soda, na unazila kitandani huku ukimaliza kazi ya mhadhiri hadi saa nane. Asubuhi huna hamu ya chai, basi unaondoka tumbo tupu. Hayo umeniandikia mwenyewe, sikuyatunga.

Tena kuna jambo la fedha ambalo hukuliandika, lakini ndugu zako waliopita hapo walinisimulia. Boom, yaani fedha za mkopo wa wanafunzi, likiingia, wiki mbili za kwanza ni chipsi kuku kila jioni. Likielekea kwisha, mnapiga pasi ndefu, mtu akanywa chai asubuhi asile tena hadi usiku. Mwili unaopitishwa njaa kisha ukalishwa kwa pupa haujui kesho yake itakuwaje, na mwenye njaa ya kutwa nzima hachagui. Hushika kilicho karibu, nacho kilicho karibu usiku huo ni viazi vilivyotoka kwenye mafuta. Gramu moja ya wanga hutoa kalori 4, gramu moja ya mafuta hutoa 9. Ndiyo maana sahani ya wali, maharage na mchicha inaweza kujaza tumbo kuliko chipsi na bado ikawa nyepesi mwilini. Soda ya kola ya mililita 350 ina zaidi ya gramu 35 za sukari, na Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu abaki chini ya kama gramu 50 kwa siku, na afadhali chini ya 25. Chupa moja tu imekwisha kuvuka kiwango hicho cha chini.

Sasa nikuambie habari ya mama yako mdogo, maana wewe unamjua kama mwalimu mkuu mwenye sauti kubwa, hukumjua akiwa na umri wako. Mwaka 1994 alikuwa chuo cha ualimu huko bara, naye alirudi likizo akiwa amenenepa kama ulivyonenepa wewe, labda zaidi kidogo. Ilikuwa wiki ya harusi ya dada yetu. Wanawake walikuwa wamekaa uani kwa bibi yako wakichagua mchele, na mimi nilikuwa nimeshika ungo wangu kando ya mama yako mdogo, shangazi yetu mkubwa alipomtazama toka juu hadi chini akasema, mbele ya watu wote: "Huyu alipelekwa kusoma au alipelekwa kunenepeshwa?" Uani pote wakacheka. Mdogo wangu naye akacheka pamoja nao. Mimi nilikuwa karibu naye nikaona vidole vyake vimesimama ndani ya mchele, havichagui tena.

Aliporudi chuoni aliacha chakula cha usiku. Baadaye akaacha na cha mchana, akawa anaishi kwa chai ya rangi na kipande cha muhogo, na barua zake kwetu zikawa fupi, zote za kusema kwamba yu mzima. Muhula haujafika katikati, akaanguka mstarini asubuhi mbele ya chuo kizima. Kwenye zahanati walikuta sukari ya damu imeshuka na damu yenyewe ni pungufu. Babu yako alipanda basi la usiku kwenda kumchukua, na nilipowaona wakishuka stendi, koti la babu yako likiwa mabegani kwa mdogo wangu na mikono yake imepotea ndani ya mikono ya koti, nililia barabarani. Nikikuandikia haya leo bado koo linanibana.

Kuhusu shangazi, nimebishana na nafsi yangu miaka yote hii. Huenda alikusudia kumsifu. Zama zile, na hata leo katika nyumba nyingi za pwani, mtu akinenepa huambiwa amenawiri, na msichana aliyekonda huulizwa kama anaumwa. Shangazi mwenyewe alikulia katika njaa, na unene kwake ulikuwa neema. Lakini kama ilikuwa sifa, kwa nini aliisema kwa sauti ile, na kwa nini mbele ya watu wale? Kisha najiambia kwamba kicheko cha uani kilikuwa cha sisi sote, si chake peke yake. Marehemu hasemwi, nami namwombea. Hukumu yake ninaiacha, ingawa siiachi kwa moyo mweupe.

Na aliyemponya mdogo wangu ni babu yako, ambaye hakusoma sayansi kimu wala hakumiliki mizani. Hakutamka neno hata moja juu ya mwili wake. Kila alfajiri baada ya sala alimgongea mlango, wakatembea wawili hadi Raskazone na kurudi, wakizungumza habari za meli na za watu. Wakirudi wanakuta uji wa mtama na maharage ya nazi, nao wanakula pamoja. Adhuhuri wanakula pamoja, na saa moja na nusu usiku pia wanakula pamoja. Zile kilo alizokuwa akizikimbia hazikurudi zote, na nguvu zilirudi, na kicheko kikarudi. Wakati huo ndipo nilipoamini kwamba mwili hufuata ratiba, na tangu hapo sijaacha kuamini.

Utaniambia, mbona tunafunga Ramadhani nzima na hatuanguki? Nami nakujibu kwamba saumu ina saa zake: kuna daku, kuna futari, na familia nzima imekaa kuzunguka sinia moja. Tena wewe ni shahidi kwamba wapo majirani zetu wanaomaliza mwezi huo wameongezeka, kwa ajili ya kaimati na sharubati. Kukaa na njaa peke yake hakupunguzi mtu, huangaliwa anachofungulia.

Juu ya ile chai ya mwenzako, hapo sina subira. Nyingi ya chai hizo zimetiwa sanamaki, ile ile ambayo bibi yako alituchemshia tulipofunga choo, siku moja na ikaisha. Sanamaki huharisha. Kinachopungua kwenye mizani ni maji na kinyesi, si mafuta, na anayeinywa kila siku hupoteza chumvichumvi ambazo moyo na misuli huzihitaji, na matumbo yake huenda yakaizoea hata yakawa mazito bila hiyo. Usinunue. Mrudishie kwa adabu, mseme uongo wowote, mwambie mama amekataza. Wala huo hautakuwa uongo.

Kama ningekuwa hapo, ningeanza na asubuhi: chai isiyo na sukari nyingi, yai la kuchemsha au viazi vitamu, hata kama ni kidogo, ili saa nne ya usiku isikukute na njaa ya kutwa. Ningekula mchana katika kantini kabla ya kuingia maktaba, na ningemwomba mpakuaji aongeze mboga na apunguze wali, jambo ambalo halina bei. Siku boom linapoingia ningetenga kwanza fedha za wiki za mwisho. Ningeshuka daladala kwenye barabara ya Sam Nujoma na kuupanda ule mlima kwa miguu pamoja na mwenzangu, kukiwa na mwanga; dakika 30 za namna hiyo kwa siku tano ni dakika 150, ambazo ndizo mtu mzima anazoshauriwa kwa wiki kwa uchache. Na ningelala. Usingizi ukipungua, homoni inayoamsha njaa huongezeka, na mtu hutamani sukari na mafuta kuliko matunda. Huenda nusu ya chipsi zako ni usingizi uliokukosa.

Sasa chakula cha usiku chenyewe. Ulimi unaniwasha nikuambie moja kwa moja usithubutu kukiacha, na baba yako ananitazama kana kwamba nimekwisha kulisema. Lakini wewe ni mtu mzima, na wapo watu wanaokula mapema jioni wakalala wazima bila kitu kingine. Kwa hiyo sikuamulii. Nakuomba tu upitishe wiki tatu umekula asubuhi na mchana kwa saa zake, kisha ujiulize tena kama usiku bado unataka chipsi, au bakuli la maharage linatosha. Jibu utakalolipata nitalikubali.

Baba yako anasema baiskeli yako ipo, ameipaka mafuta, na makondakta wa basi wanakubali kuipakia. Mimi naiogopa Barabara ya Mandela na malori yake, na tumelizozania jambo hilo tangu jana. Ukipiga simu Jumapili, utuambie kama ipo njia ya ndani kutoka Mabibo hadi chuoni isiyopita barabara kuu, na kama wapo wanafunzi wengine wanaoiendesha, ndipo tuamue kuituma au kuiacha.

Mama yako