Sare za Shule kwa Mahindi: Mkubaliane Kabla ya Kukata Kitambaa

Kila Januari kibanda changu cha cherehani hapa Uyole, Mbeya, hujaa akina mama wenye kitambaa cha sare lakini wasio na hela ya ufundi. Siwarudishi. Nimeshonea watu kwa mahindi, kwa viazi vya Isyonje, kwa ndizi za Tukuyu, na mara moja kwa mchele wa Kyela ambao watoto wangu wanaukumbuka hadi leo. Ukiwa na ujuzi mkononi, mali kwa mali inalisha nyumba. Ila inataka makubaliano ya wazi.

Mwaka mmoja mama mmoja aliniletea kazi ya sare tatu. Ufundi ulikuwa 36,000. Debe la mahindi sokoni lilikuwa 18,000, basi tukakubaliana madebe mawili, atalipa akivuna. Julai akaja nayo, yamepepetwa vizuri. Siku hiyo debe lilikuwa 9,000. Mimi nilikuwa nadaiwa kodi ya kibanda, nikayauza, nikapata nusu ya jasho langu. Nilinuna wiki nzima, na jambo hilo linaniuma hadi sasa, maana yule mama alitimiza ahadi yake yote.

Zamani wanawake wa Kikisi kule Ziwa Nyasa walibadilisha vyungu kwa chakula, na kila mmoja alikiona anachopokea. Sisi tunabadilisha sare ya leo kwa mahindi ambayo hayajatoa hata mbelewele. Huo tayari ni mkopo, na mkopo unahitaji daftari.

Kwa hiyo taja kazi yako kwa shilingi kwanza, halafu mkubaliane zao litahesabiwa kwa bei ya siku gani. Mkubaliane na kipimo pia: debe la usawa wa mdomo au lenye kilemba, yaani lililojazwa kupita mdomo? Kwenye gunia la madebe sita, vilemba sita si kidogo. Mimi napima kwa debe langu lile lile, nikipokea na nikitoa.

Kazi kwa kazi ni rahisi zaidi, mradi mpange siku. Fundi umeme alinitengenezea mota ya cherehani, nami nikamshonea mapazia wiki hiyo hiyo.

Na kama huna dharura, mahindi uliyolipwa usiyauze Julai. Yaweke kwenye mifuko isiyopitisha hewa, wadudu dumuzi wasiyaharibu, usubiri bei ipande.

Januari iliyofuata yule mama alirudi na sare nyingine tatu. Nikamwambia safari hii tuhesabu kwa bei ya mavuno, yaani madebe manne. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Fundi, madebe manne ni ugali wa wanangu mwezi mzima." Sikuwa na jibu. Tukaandika matatu, ya usawa wa mdomo, naye akaweka sahihi yake chini ya yangu.