Nilivyokuwa pedeshee wa usiku mmoja

Ndugu yetu ameuliza kwa nini kaka yake, aliyerejea Dar es Salaam kutoka Ulaya kwa likizo ya wiki tatu, amemaliza mamilioni kwenye kumbi za starehe ilhali kiwanja alichomwahidi mama hakijalipiwa hata nusu. Nami niliwahi kuwa kaka wa namna hiyo.

Desemba 2006 nilitoka Uingereza, ambako nilikuwa nabeba boksi zamu ya usiku katika ghala, kazi ambayo kwenye simu niliiita ofisi. Nilipofika Sinza hakuna aliyeniuliza ninafanya nini huko. Waliuliza nimekuja na nini. Jumamosi ya kwanza tulikwenda ukumbi mmoja wa Kinondoni kwa gari la kukodi. Mhudumu aliagizwa asiondoe chupa tupu mezani, maana wapitao huzihesabu, na paundi zangu nilizibadilisha zikawa noti za elfu moja moja, ili kila nikienda mbele kumtunza mwimbaji nikae huko muda mrefu zaidi. Aliponitaja jina katikati ya wimbo na kuniita pedeshee, yaani tajiri anayemwaga pesa ukumbini, niliona, sifichi, kwamba miaka minne ya baridi imelipwa.

Neno hilo lilikuja na wanamuziki wa Kongo: ni PDG ya Kifaransa, inayotamkwa pe-de-je, yaani mkurugenzi mkuu wa kampuni. Kinshasa, kutajwa wimboni kwa malipo huitwa libanga, yaani jiwe.

Wengi waliomjibu ndugu yetu wanasema ni ushamba tu. Mimi sikubali. Mtu aliyesafirishwa kwa michango ya ukoo, ambao baadhi yao waliuza ng'ombe, harudi na maelezo. Anadaiwa ushahidi, na kiwanja cha Chanika, huko pembezoni mwa jiji, hakionekani ukumbini. Baya zaidi, onyesho lenyewe huzaa wasafiri wapya: kabla sijaondoka walinijia vijana watatu wa mtaani, mmoja akiwa na pasipoti mpya mfukoni, wakitaka niwaonyeshe njia, nami sikuthubutu kuwaambia kwamba kodi ya chumba changu ya mwezi huo ningeikopa.

Kwa hiyo usimgombeze mbele ya watu. Muulize faraghani analipwa kiasi gani baada ya makato. Mimi niliporudi tena 2009 nilimpa dada yangu karatasi ya mshahara, akaisoma mstari kwa mstari, kisha akauliza chumba ni kiasi gani. Nilipomjibu alinyamaza kidogo, akasema kiwanja tukilipe kwa awamu, yeye akichangia robo.