Sedani mpya ya spoti: anza na gharama yake, usianze na bei ya kwenye kioo

Ndugu yangu, umeuliza kama shilingi milioni 9.4 za Kenya ni bei ya haki kwa sedani mpya ya turbo uliyoiona Mombasa, na umesema muuzaji amekwambia kikomo chake cha kupunguza ni laki moja, tena ulipe arbuni, yaani pesa ya kushikia gari, leo kabla hawajafunga. Usilipe. Subiri nikueleze yaliyonipata mimi, maana njia hiyo nimeipita Februari 2025. Nilitoka hapa Malindi nikaenda Mombasa mara nne kabla sijarudi na gari langu, na safari ya kwanza nilibakia hatua moja tu kufanya kosa lile lile.

Kwanza tuelewane kuhusu "jipya". Hapa kwetu gari likishuka melini likavalishwa namba ya Kenya tunaliita jipya, hata kama limetembea kilomita 80,000 huko Japani. Mimi nazungumzia gari la sifuri, ambalo halijasajiliwa popote. Ukisikia watu wanakupigia hesabu kwa orodha ya bei ya KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, na makato ya uchakavu kwa umri, hiyo ni hesabu ya magari yaliyotumika. Isikuchanganye.

Sasa kosa. Kwenye kioo cha mbele palibandikwa 9,650,000. Nikauliza kama tunavyouliza sote: "Bei ya mwisho ngapi?" Kijana wa mauzo akaingia ofisini, akakaa huko karibu robo saa, akatoka ananishika mkono kwa mikono miwili. "Mzee wangu, nimekupigania. Meneja amekubali 9,500,000." Nilifurahi. Njiani kurudi, tangu Mtwapa hadi daraja la Kilifi, nilikuwa nawaza laki na nusu niliyookoa nitaifanyia nini. Nilipofika nyumbani mke wangu akaniuliza swali moja tu: "Hiyo milioni tisa na laki sita na nusu aliipanga nani?" Sikuwa na jibu. Aliipanga yeye muuzaji. Kama angebandika milioni 11, basi ningefurahia 10.8 vile vile.

Usiku ule nikaanza upya, kutoka chini. Niliwaandikia wauzaji watatu wa Japani wanaosafirisha magari, nikauliza bei ya muundo ule ule, injini ile ile, sifuri kilomita, pamoja na bima na nauli ya meli hadi bandari ya Kilindini, Mombasa. Wawili walijibu. Bei zao ukizigeuza kuwa shilingi zilikuwa zinazunguka milioni 4. Kisha nikakaa na viwango vya kodi vilivyokuwepo wakati huo. Nakuwekea hesabu yote, kwa sababu hapa ndipo mazungumzo yalipogeuka.

Ushuru wa forodha ni asilimia 35 ya hiyo milioni 4, yaani 1,400,000. Unaujumlisha, unapata 5,400,000. Juu ya hiyo unatozwa ushuru wa bidhaa, ambao kwa injini inayopita cc 1500 ni asilimia 25, sawa na 1,350,000. Umeshafika 6,750,000. VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16 haitozwi kwenye ile milioni 4, inatozwa kwenye jumla hii, nayo ni 1,080,000. Halafu zimebaki ada mbili zinazokatwa kwenye bei ya bandarini, yaani ile milioni 4: ada ya tamko la uagizaji asilimia 2.5, sawa na laki moja, na ada ya reli asilimia 2, sawa na 80,000. Jumlisha kodi zote: 4,010,000. Ni kama umelinunua gari lako kwa mara ya pili, safari hii kwa serikali. Nikaongeza 150,000 za wakala wa kulitoa bandarini na shughuli ndogo ndogo, nikapata 8,160,000.

Basi hapo nikajua muuzaji anasimama wapi. Kati ya 8,160,000 na 9,650,000 kuna 1,490,000, na hizo ndizo tulizokuwa tunazungumza. Kodi hakuna anayeweza kunipunguzia, na nauli ya meli imeshalipwa. Mazungumzo yote yalikuwa juu ya sehemu yake yeye, na nilikuwa nimeridhika na laki na nusu kutoka humo bila kujua ukubwa wake.

Angalia sana ukubwa wa injini kabla hujapenda gari. Siku hizi kuna sedani zenye turbo za cc 1498 au 1497, zina nguvu za kutosha kabisa kwa barabara zetu, na kwa kuwa hazipiti 1500 ushuru wa bidhaa ni asilimia 20. Kwa gari la thamani ile ile ya milioni 4 tofauti inakaribia 313,000 ukihesabu na VAT inayopungua nayo. Na ukienda kwenye petroli inayopita cc 3000, ushuru huo ni asilimia 35. Mimi nilitaka injini ya lita mbili, nikailipia, wala sijuti. Lakini niliilipia nikijua.

Safari ya pili niliomba kitu kimoja tu: karatasi yenye bei yote ya kutoka nalo mlangoni, kila kitu kimeandikwa. Kijana hakupenda. Alitaka tukubaliane kwanza, tuandike baadaye. Nikamwambia nitasubiri, nikaketi. Karatasi ilipokuja ilikuwa na 9,500,000 juu, halafu chini yake: ada ya nyaraka 85,000, kinga ya kutu na nta ya rangi 140,000, filamu za vioo 45,000. Jumla 9,770,000. Yaani baada ya kupunguziwa laki na nusu, gari lilikuwa limepanda 120,000 kuliko bei ya kwenye kioo. Ndiyo maana nakusisitizia, hiyo laki moja unayoahidiwa haina maana yoyote mpaka uone jumla iliyoandikwa. Mwambie akuandikie leo, na uangalie sura yake.

Ile kinga ya kutu nataka niiseme kidogo, kwa sababu sisi wa Malindi tunashikika kirahisi hapo. Muuzaji akisikia unatoka pwani anakutajia upepo wa bahari, na ni kweli upepo wetu unakula chuma. Ila gari jipya limetoka kiwandani na kinga yake, na kinachoua sehemu za chini ni uchafu wa chumvi unaokaa bila kuoshwa. Tena wengi wetu tunaosha kwa maji ya kisima ambayo yenyewe yana chumvi! Mimi fundi wangu hapa Maweni alinipulizia chini ya gari kwa pesa ndogo sana ukilinganisha na 140,000, na kila wiki mbili naosha chini kwa maji matamu. Kikiwa ni kitu unachokihitaji, kinunue peke yake, nje ya bei ya gari.

Jambo lililonisaidia zaidi nililiona kwa bahati tu. Nilichutama kuangalia ubavu wa tairi, maana tairi za magari haya zina ubavu mfupi na matuta yetu hayana huruma. Ubavuni mwa tairi, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu. Nilisoma 3823. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka: wiki ya 38 ya 2023. Nikazunguka tairi zote nne, zote ni hizo hizo. Tairi hutengenezwa kabla ya gari, kwa hiyo peke yake haithibitishi kitu. Nikaomba kuona nyaraka za kuingizia gari nchini. Zilionyesha limefika Aprili 2024. Limekaa pale miezi kumi, kwenye joto la Mombasa, na pesa ya mwenyewe imelala ndani yake.

Sikulidharau gari, na wewe usifanye hivyo. Ukianza kumwambia mtu mali yake mbovu ilhali yeye na wewe mnajua ni nzuri, unamfunga moyo. Nilimwomba meneja mwenyewe, nikamwambia kwa utaratibu: "Bwana, gari nalitaka. Pesa zipo na benki imeshanikubalia. Hesabu yangu ya gharama yenu ni hii hapa. Kama nimekosea nirekebishe. Gari limekaa miezi kumi. Nataka upate faida yako, lakini si faida ya gari lililoshuka jana." Nikampa karatasi yangu ya penseli. Aliisoma kutoka juu hadi chini, akachukua kalamu yake, akasahihisha mstari wa gharama za bandarini kwa kuongeza 60,000, na mistari mingine akaiacha kama ilivyo. Hapo nikajua hesabu yangu haiko mbali.

Nilianza na 8,500,000. Akasema 9,200,000. Nilikuwa pia na bei ya Nairobi ya gari hilo hilo, imeandikwa na ina tarehe, 8,950,000 bila nyongeza. Nilimwonyesha. Akaniambia Nairobi ni mbali, na kuna gharama ya kulileta. Ni kweli, nikakubali. Tukafika 8,900,000, akasema hapo amegota. Nikamshukuru, nikampa mkono, nikaondoka. Huu haukuwa mchezo wa kuigiza, nilikuwa tayari kabisa kulikosa gari lile, na nadhani aliliona hilo usoni mwangu. Siku ya tatu akanipigia simu mwenyewe. Tulimaliza kwa 8,780,000, na namba zake, mazulia ya ndani, sevisi mbili za kwanza na betri iliyopimwa mbele yangu. Na nikaomba liandikwe kwamba dhamana inaanza kuhesabiwa siku gari linaposajiliwa kwa jina langu, wala si siku lilipoingia nchini. Hili la dhamana wengi wanalisahau kwa gari lililokaa.

Kuhusu malipo. Kijana aliniuliza mapema sana: "Kwa mwezi unaweza kutoa ngapi?" Usijibu swali hilo kabla bei haijafungwa. Akishajua unaweza laki moja kwa mwezi, atarefusha miezi hadi bei yoyote iingie humo. Mimi nilichukua murabaha: benki inanunua gari kwa muuzaji kisha inaniuzia kwa gharama yake pamoja na faida iliyotajwa wazi tangu mwanzo. Faida hiyo hupigwa kwenye bei ya gari, kwa hiyo kila laki niliyoipunguza kwa muuzaji ilipunguza na ya benki. Tena muuzaji analipwa pesa yake yote mara moja, basi hana sababu ya kukupa bei ya mkopo. Mwambie hivyo waziwazi.

Ukichukua mkopo wa kawaida, uliza riba ni ya kiwango bapa au ya salio linalopungua. Milioni 3 kwa miaka minne, kwa asilimia 9 bapa, unalipa 85,000 kwa mwezi. Kwa asilimia 14 ya salio linalopungua unalipa kama 82,000. Asilimia 9 inavutia masikioni kuliko 14, lakini ndiyo ghali. Na bei ya bima kubwa itafute kabla ya arbuni, kwa sababu inapigwa kwa asilimia ya thamani ya gari, na gari la spoti si kila kampuni inalipokea kwa kiwango kile kile cha sedani ya kawaida. Mimi nilipiga simu tatu.

Hiyo arbuni yenyewe, siku utakapoitoa, iandikiwe kwamba inarudishwa kama gari au nyaraka hazikulingana na mlivyoafikiana. Jamaa yangu mmoja wa hapa aliitoa kwa mdomo tu, na ilimchukua miezi mitano kuipata nusu yake.

Sasa turudi kwenye 9.4 yako. Siwezi kukwambia ni ghali au ni haki bila kujua mambo manne: cc za injini, tarehe gari lilipofika Kilindini, tarakimu nne za tairi zote, na jumla ya mlangoni kwa maandishi. Mpigie kesho asubuhi umuombe. Akikataa kukuandikia, lipo gari lingine kama hilo, na Nairobi wanajibu barua pepe siku hiyo hiyo. Akikuandikia, niletee mistari yake kama ilivyo na tutaipiga hesabu pamoja. Mchana niko dukani, baada ya Isha nina nafasi zaidi.